Panya Akikojoa Sana, Ndo Dawa Imefanya Kazi? Maswali Yenu Kuhusu Kibofu na Panya wa Maabara

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kwamba vidonge vya kutuliza kibofu cha mkojo, kabla havijaingia mdomoni mwa mtu, vilipita kwanza kwa panya wa maabara. Hiyo sentensi moja imeleta barua kuliko makala yenyewe. Nimechagua sita, nimezifupisha, majina nimetoa.

SWALI: Daktari, mimi nauza dawa za miti hapa Arua, kazi niliachiwa na mama. Kuna mzizi tunachemsha, wazee wanakunywa kwa shida ya mkojo. Kijana mmoja wa chuo akaupeleka maabara akapea panya, akaniambia wale waliokunywa walikojoa karibu mara mbili ya wale wa maji matupu. Sasa nataka kuandika kwa chupa "imethibitishwa maabara, inatibu kibofu". Naweza? – Muuza dawa, Arua

JIBU: Hapana ndugu yangu, chupa iache vile ilivyo kwanza. Na siyo eti nadharau mzizi wa mama, dawa kibao za hospitali zimeanzia kwa miti, shida ni kwamba hao panya wamejibu swali lingine kabisa.

Mkojo unatengenezwa na figo. Kibofu hakitengenezi hata tone, chenyewe kinapokea, kinaweka, halafu wakati ukifika kinajikaza na kusukuma nje. Sasa ukiona panya ametoa mkojo mara mbili ya mwenzake, inaweza kuwa figo zimeongeza maji, ama mzizi una chumvichumvi nyingi panya akashikwa na kiu akanywa kupita kiasi, na kama mlihesabu mara alizokojoa badala ya mililita, inaweza kuwa pia kibofu kimechokozwa hakitaki kuweka. Hayo ni mambo matatu tofauti na kwa mgonjwa ni magonjwa tofauti. Lasix unaijua, ile wanapewa watu wa presha na wa moyo, ukimpa panya atalowesha keji yote, na hakuna mtu amewahi kusema Lasix inatibu kibofu.

Kijana wako nadhani alitumia ile keji ya kukusanyia mkojo, panya anakaa peke yake juu ya sakafu ya waya, chini kuna faneli, mkojo unaenda chombo chake na mavi yanaenda kwingine, unasoma baada ya masaa 24. Ni njia nzuri, siisemi vibaya. Panya mkubwa wa gramu 250 hivi anatoa kama mililita 10 hadi 15 kwa siku, na mwingi anautoa usiku kwa sababu ndo wakati wake wa kutembea na kula. Lakini ile chupa ya chini inakupa jumla tu. Haikuambii alikojoa mara ngapi na kila mara kiasi gani, mpaka uweke mzani chini yake unaoandika uzito muda wote. Hapo ndo mambo yanajitenga: panya aliyetoa mililita 20 na kila akikojoa anatoa nyingi, hiyo ni habari ya figo, na panya aliyetoa zile zile 12 za kawaida lakini kwa vitone vitone usiku kucha, huyo ndo kibofu chake kinasumbuka. Mwambie pia apime maji waliyokunywa, watu wanasahau sana chupa ya maji.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni hao wazee wako. Mzee mwenye shida ya mkojo mara nyingi ni tezi dume imekua ikabana njia, mkojo upo tele ndani, mlango ndo haufunguki vizuri. Sasa wewe ukimpa kitu cha kuongeza mkojo haraka, kibofu kinajaa kuliko anavyoweza kutoa, usiku huo huo anaweza kufungika kabisa akakimbizwa hospitali kuwekewa mpira. (Hata Piriton ya mafua inaweza kumfanyia hivo mzee wa tezi dume, na ni kidonge kila duka lina.) Yaani mzizi wako unaweza kuwa mzuri kwa mtu aliyevimba miguu na mbaya kwa yule yule mteja unayemuuzia.

Halafu dozi. Usichukue miligramu za panya ukazidisha kwa kilo za mtu moja kwa moja. Panya mwili wake unachoma dawa haraka, kwa hiyo wataalamu wanagawanya dozi ya panya kwa 6.2 kupata ya mtu. Kama panya alipewa miligramu 400 kwa kila kilo, kwa mtu inakuja kama 65 kwa kilo, mzee wa kilo 60 ni kama gramu 3.9. Na hesabu hiyo ni ya watafiti kuanzia majaribio kwa mtu kwa uangalifu, tena wanashuka chini yake zaidi, siyo ya kupimia kikombe dukani.

Maneno ya kwenye lebo na matangazo ya dawa, hata ya miti, yako chini ya NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, nenda kawaulize kabla ya kuchapisha. Na pale Wandegeya kuna taasisi ya serikali inachunguza dawa za miti tangu miaka ya 1960, beba mzizi ukiwa na majani na maua yake ili waujue ni mti gani. Mzizi peke yake hata mimi utanidanganya.

SWALI: Niko mwaka wa mwisho famasia, Ishaka. Supavaiza amesema nifanye sistometri, yaani kujaza kibofu polepole huku napima presha yake, nione kama majani fulani yanatuliza kibofu. Nimelaza panya kwa ketamini na zailazini vile tumezoea, nikaweka mpira, nikaanza kuingiza maji ya dripu, grafu imelala tu, baadaye maji yakaanza kudondoka yenyewe chini. Hata dawa sijapea. Mwenzangu anasema hao panya ni wabaya nibadilishe. – Mwanafunzi, Ishaka

JIBU: Panya hawana kosa mwanangu, ni ketamini.

Kukojoa siyo kazi ya kibofu peke yake. Kibofu kikijaa, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwa uti wa mgongo, habari inapanda mpaka shina la ubongo, kuna sehemu ndogo pale inaitwa kiini cha Barrington, jina la Mwingereza aliyeieleza mwaka 1925 akitumia paka, halafu amri inashuka: kibofu kaza, mlango fungua. Njia hiyo inapitisha habari kwa kemikali inaitwa glutameti, na ketamini kazi yake ni kuziba vipokezi vya glutameti, yaani mahali inaposhika. Kwa hiyo umelaza panya na umelaza pia kile kitu ulitaka kupima. Maji yaliyodondoka siyo kukojoa, ni kibofu kimejaa kikafurika. Zailazini nayo inaongeza mkojo kutoka kwa figo, yaani unaingiza maji kwa pampu na figo nazo zinaingiza ya kwao, hujui tena ngapi ni yako.

Watu wengi wanalaza panya kwa uretani, kama gramu 1.2 kwa kila kilo ya panya, na wanaigawa kwa sindano zaidi ya moja badala ya kuipiga yote pamoja. Inamlaza muda mrefu na ile njia ya kukojoa inaendelea kufanya kazi. Siyo malaika, nayo inachelewesha kidogo, ndo maana kundi la kontroli, la panya wasiopewa majani, lazima lipewe uretani ile ile kiasi kile kile. Tena ni kemikali ya kansa, vaa glavu, usiipime kwenye upepo, na panya aliyepewa haamki tena, ukimaliza anauawa akiwa bado usingizini. Kama swali lako linataka panya aliye macho, hiyo ni kazi nyingine: unaweka mpira kwa operesheni safi, unaupitisha chini ya ngozi utokee shingoni nyuma asiutafune, unampa dawa ya maumivu, unangoja siku kadhaa apone ndo unarekodi. Data yake ni nzuri kuliko zote lakini mwanafunzi mwenye wiki chache mimi simshauri.

Sasa mpira wenyewe. Ni ule mwembamba saizi ya PE-50, ncha unaisogeza karibu na moto kidogo ifanye ukingo usiteleze, unafungua tumbo chini sentimita moja na kitu, unatoboa juu kabisa ya kibofu, unaingiza, unafunga kwa uzi unaozunguka tundu. Kibofu kitupu cha panya ni kadogo saizi ya harage, kwa hiyo ukivuta uzi kwa nguvu umeshakula nusu ya ujazo wake, halafu utaripoti eti dawa imepunguza ujazo. Chukua majike wa gramu 200 hadi 250, mrija wao ni mfupi na hakuna tezi dume ya kukuchanganya. Mpira unaunganisha kwa koki ya njia tatu, upande mmoja pampu ya sindano, upande mwingine kifaa cha presha. Povu! Angalia povu la hewa kabla ya kitu chochote, kapovu kamoja tu kwa mpira presha inafifia na utakaa unalaumu panya wengine. Maji yawe na joto la mwili, siyo ya kutoka friji, na panya mwenyewe umuwekee joto chini kwa sababu aliyelala anapoa haraka.

Kasi ya pampu ndo watu wanaharibu sana. Figo za panya zinatoa kama nusu mililita kwa saa. Maabara nyingi zinaweka mililita 0.04 kwa dakika, hiyo ni 2.4 kwa saa, tayari ni karibu mara tano ya kawaida yake. Nimeona ripoti za wanafunzi wameweka 10 kwa saa kwa panya aliyelala ati wamalize mapema. Kibofu kinachojazwa kwa fujo hivo hakitakuonyesha kama majani yako ni mpole.

Ukishaanza, ngoja. Mizunguko ya kwanza haina maana, subiri nusu saa hadi saa nzima mpaka mawimbi yafanane. Utaona presha inapanda polepole sana, inafika mahali, halafu ghafla inaruka mpaka kama sentimita 20 hadi 40 za maji, mkojo unatoka, inaanguka, inaanza tena. Pale kileleni utaona meno meno ya haraka juu ya wimbi, usidhani ni stima inacheza, panya jike anakojoa kwa kufungua na kufunga mlango harakaharaka akipampu mkojo nje. Binadamu hana hiyo, kwetu mlango unalegea tu unatulia.

Andika muda kati ya wimbi na wimbi, presha ya kawaida, presha ambapo wimbi linaanza, kilele, mkojo uliotoka, na vile viwimbi vidogo vya katikati ambavyo havitoi mkojo. Na mwisho simamisha pampu baada ya panya kukojoa, vuta kilichobaki ndani ukipime. Hicho kilichobaki ndo kitaokoa ripoti yako ama kuizika. Dawa inayotuliza kibofu vizuri inarefusha muda kati ya mawimbi lakini kilele kinabaki na mabaki hayaongezeki. Kama muda umerefuka na kilele kimeanguka na mabaki yamejaa, hujatuliza kibofu, umekilegeza kishindwe kusukuma, na huyo kwa mtu ndo yule mzee wa Arua hapo juu.

Halafu jiulize unatuliza nini. Kibofu cha panya mzima kimetulia tayari. Wengi wanakichokoza kwanza, kwa mfano wanaingiza asidi asetiki dhaifu ya asilimia 0.25 kwa ile pampu, mawimbi yanakaribiana, ndo wanaleta dawa waone kama itayatenganisha. Wengine wanampa panya siklofosfamidi, dawa ya kansa ambayo taka zake zinaunguza kibofu, hata kwa wagonjwa wa kansa inaleta mkojo wa damu. Weka kundi la kile ulichoyeyushia majani tu, weka kundi la dawa inayojulikana kama oksibutinini, pima asidi ya ekstrakti kabla ya kuigusa kibofu, na mtu anayesoma grafu asijue panya yupi alipewa nini. Na tafadhali, panya 6 wenye mawimbi 10 kila mmoja ni panya 6. Siyo 60. Hilo wanakuuliza siku ya kutetea ripoti bila huruma.

Stima ikikatika katikati, andika saa iliyokatika na saa iliyorudi, mawimbi ya hapo yatupe yote, hata kama moja lilikuwa zuri. Pampu yenye betri ama UPS ni bora ukope kwa mtu kuliko kurudia panya.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 50 na kitu, nauza nguo soko la Mbale. Nilipewa oksibutinini kwa sababu mkojo ulikuwa unanibana ghafla, saa zingine sifiki choo. Umepungua kweli, lakini mdomo umekauka mpaka chapati haishuki bila maji, na choo kubwa imegoma. Kwani hao panya hawakukauka midomo? – Mama wa soko, Mbale

JIBU: Walikauka mama, na watu waliona. Maabara zinapima mate ya panya pamoja na kibofu chake, kwa sababu wanajua shida hiyo iko.

Iko hivi. Kibofu kinajikaza kikipata kemikali ya mwili inaitwa asetilkolini, inashika kwa vipokezi vya aina ya M3. Oksibutinini inaketi kwa hivyo vipokezi asetilkolini ikose mahali. Lakini M3 hao hao wako kwa tezi za mate, wako kwa utumbo, wako kwa macho, na kidonge ukishameza hakijui barabara ya kwenda kibofu peke yake. Dawa hii ni ya zamani, Marekani waliikubali 1975, zilizokuja baadaye kama tolterodini na solifenasini watafiti walizitafuta wakitaka hasa kibofu kiguswe kuliko mate, wakafaulu kiasi, siyo kabisa. Baadaye ikaja mirabegroni, Marekani 2012, hiyo inapita njia nyingine, haizibi asetilkolini bali inaambia msuli wa kibofu ulegee wakati wa kujaza, mdomo haukauki sana lakini inaweza kupandisha presha.

Sasa usiache dawa kwa hasira. Rudi kwa daktari mwambie hivo hivo ulivyoandika, habari ya chapati na ya choo, anaweza kupunguza dozi ama kubadilisha. Mwambie na umri wako na dawa zingine unazomeza, kwa mtu mzima sana oksibutinini inaweza kufika kwa ubongo ikamletea kuchanganyikiwa, kwako bado lakini ajue. Chai na kahawa punguza, hizo zinaongeza mkojo na zinachokoza kibofu pia. Na kama hujapimwa mkojo kuona kama kuna infeksheni ama sukari, kapimwe, kukimbia choo siyo kila mara ni kibofu.

Kwenye barua yako kuna jambo limenigusa, umesema "unanibana". Panya hawezi kutuambia anabanwa. Tunaona tu amekojoa, tunahesabu, tunapima presha, halafu sisi ndo tunasema "huyu kibofu chake kina haraka". Ile hisia ya kushikwa ghafla uko kwa foleni ya boda haiko kwa grafu yoyote. Ndo sababu moja dawa inang'aa kwa panya ikifika kwa watu inafifia.

Sababu nyingine ni mwili wenyewe. Ukimpa panya atropini, ambayo inaziba asetilkolini kabisa, bado kibofu chake kinajikaza kwa sehemu, kwa sababu kwa panya kuna kemikali ya pili, ATP, nayo inasukuma kazi hiyo. Kwa mtu mwenye kibofu kizima karibu kazi yote ni ya asetilkolini. Kwa hiyo dawa ya familia ya hiyo yako kwa panya inaweza kuonekana dhaifu na kwa mtu ikawa kali. Na inaenda upande wa pili pia, dawa ya kuziba ATP kwa panya inaweza kuonekana ya ajabu, kwa mama wa Mbale isifanye kitu. Hata mirabegroni, kipokezi chake kwa mtu ni karibu aina moja tu, beta 3, kwa panya beta 2 naye anashiriki.

SWALI: Mimi ni afande mstaafu, Bombo. Kwa nini mnatesa panya na dawa ni ya watu? Na kama lazima panya, hapa stoo yangu ya mahindi wamejaa wakubwa wakubwa, nawaleteeni bei nzuri. – Afande

JIBU: Afande, heshima yako, lakini panya wa stoo hapana. Mkojo wake unaweza kubeba kijidudu cha leptospira kinachoua mtu figo, viroboto wake kule West Nile ndo wamebeba tauni, na hatujui umri wake wala amekula sumu gani wiki jana. Wa maabara ni wale weupe wa ukoo unaojulikana, Wistar ama Sprague-Dawley, wamezaliwa kwenye keji, umri unajulikana kwa siku, ndo unaweza kusema tofauti uliyoona ni ya dawa.

La kutesa ni swali halali na silikwepi. Kuna mambo kama nusu ya haya huwezi kumfanyia mtu, hakuna atakayekubali kuchomwa asidi kibofuni nione grafu. Kanuni wanazofuata watafiti zilitolewa na Waingereza wawili, Russell na Burch, 1959: kama kuna njia bila mnyama itumie, kama lazima mnyama tumia wachache, na hao wachache wasiumie bure. Hapa Uganda utafiti wa wanyama unapita kwa kamati na kwa Baraza la Sayansi na Teknolojia la Taifa, UNCST, ukiwa huna kibali huanzi. Na kwa kibofu hiyo kanuni ya pili, ya kutumia wachache, inawezekana: panya mmoja akishauawa kwa heshima, kibofu chake kinakatwa vipande kadhaa, kila kipande kinatundikwa kwenye maji yenye chumvi na oksijeni kwa joto la nyuzi 37, kinaendelea kujikaza kwa masaa, unajaribu dawa nyingi bila kuamsha mnyama mwingine. Wengi wanaruka hatua hii na mimi naona ni uvivu tu.

SWALI: Hapa Kampala rafiki yangu anasema wazungu wanatia pilipili kwenye kibofu cha mgonjwa. Ni kweli ama ananichezea? – Kijana, Kampala

JIBU: Hakuchezei sana. Ile kitu inachoma kwenye pilipili, kapsaisini, inagusa kipokezi kinaitwa TRPV1 kwa mishipa ya maumivu, na mishipa hiyo iko mpaka kwa ukuta wa kibofu. Ukimwekea panya kwanza inamuwasha, kibofu kinaruka ruka, halafu mishipa inachoka inanyamaza, na kibofu kilichokuwa na haraka kinatulia. Kutoka hapo wakajaribu kwa wagonjwa walioumia uti wa mgongo, na baadaye kitu kikali zaidi kutoka kwa mmea wa Moroko, resiniferatoksini. Maumivu ya mwanzoni ndo yaliharibu soko lake, siku hizi kazi hiyo wanafanya zaidi kwa sindano za botoksi ndani ya kibofu. David Julius aliyegundua hicho kipokezi alipata Nobel 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, na huyu wa pili alipata kipokezi cha kugusa na kusukumwa, PIEZO2, ambacho kibofu kinatumia kujua kimejaa. Kuna watu wamezaliwa bila hicho, wanakojoa kwa kuangalia saa kwa sababu hawasikii kujaa.

Usijaribu nyumbani. Nasema hivo kwa sababu najua kuna mtu tayari ameanza kufikiria.

SWALI: Mimi ni nesi, kituo cha afya upande wa Lira. Watoto hapa wana mkojo wa damu wa bilharzia. Hizi dawa za kutuliza kibofu zinaweza kuwasaidia, na kuna panya wa bilharzia? – Nesi, Lango

JIBU: Sista, bilharzia ya mkojo, ile ya haematobium, hapa kwetu iko hasa huko kwenu Lango, kwingine kwenye maziwa ni ile ya tumbo. Panya mkubwa wa maabara siyo mwenyeji mzuri wa minyoo hii, kwa haematobium watafiti wanatumia hamsta, ama wanachukua mayai ya mnyoo wanayadunga kwa ukuta wa kibofu cha panya mdogo waone vidonda vinavyojitengeneza. Wamejifunza kwamba shida ni mayai yaliyokwama na mwili unavyopigana nayo, kibofu kinakakamaa polepole.

Kwa hiyo kumtuliza mtoto kibofu kwa oksibutinini mayai yakiwa yanaendelea kuingia hakusaidii, mpe prazikwanteli, dawa ya kuua hao minyoo, kwa uzito ama kwa ile fimbo ya urefu mliyo nayo. Na ukichukua mkojo wa kupima, chukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndo mayai yanatoka mengi, mwambie mtoto akimbie ama aruke ruke kidogo kwanza, na yale matone ya mwisho usiyamwage, yanawekwa kwenye chupa.